Neno "Marehemu" Kwenye Kadi ya Harusi Yangu

Mama Tak, shikamoo. Nakusoma kila Alhamisi kwenye gazeti letu hapa mtaa wa Wakorea, najua unavyotuchapa, basi leo nimeleta mgongo wangu mwenyewe.

Nina miaka ishirini na tisa, mama yangu ana duka la dobi hapa Los Angeles, na miaka kumi na moja iliyopita, Jumanne asubuhi, baba aliwasha tangi la mvuke kama kila siku, akatundika aproni yake msumarini, akamwambia mama anatoka kidogo, na mpaka leo hatujamwona, gari lake lilikutwa limeegeshwa vizuri nje ya kanisa, polisi walitafuta wakachoka, ugomvi haukuwepo, mwanamke hakuwepo, barua hakuacha, basi tu. Mama hakulia mbele ya mtu. Kesho yake alifungua duka saa kumi na mbili asubuhi, akajifunza kulitengeneza lile tangi kwa mikono yake, akatusomesha mimi na mdogo wangu hadi chuo kikuu, na wanawake wa kanisani wakimchokonoa, "Mzee vipi, kuna habari?" anawajibu, "Bado hajarudi," halafu anawauliza suti za waume zao watakuja kuzichukua lini. Najivunia sana mama yangu, Mama Tak.

Mwaka juzi baba mkubwa, kaka yake baba, alikuja na chupa ya pombe ya mchele akasema, "Shemeji, tuache ubishi, tumfanyie ndugu yangu kumbukumbu, tarehe tisa ya mwezi wa tisa kwa hesabu ya mwezi mwandamo, roho yake ipate kula." Mama akamwambia, "Shemeji, wali wa kusimika kijiko ni wa wafu. Katika nyumba hii hajafa mtu." Akamfungulia mlango atoke.

Sasa kosa langu. Siku familia mbili zilipokutana mkahawani kupanga harusi, mama alichelewa kwa sababu bomba la tangi lilipasuka, na mama yake Wan-ki, mchumba wangu, mwanamke mpole wa sauti ya chini, akaniuliza, "Binti, na baba naye anakuja?" na mimi, Mungu anisamehe, niliona aibu, maana baba aliyekufa ni msiba lakini baba aliyeondoka ni maneno ya watu, nikasema, "Alishafariki." Wan-ki anajua ukweli wote, lakini aliinamia bakuli lake kama aliyedondosha sindano mle. Mama yake akanishika mkono, machozi yakamlenga, akauliza kumbukumbu ya marehemu ni lini ili mwanawe aje amsujudie mkwewe, nikatoa ile tarehe ya baba mkubwa, tisa ya mwezi wa tisa. Akanitazama kidogo. "Aa," akasema. "Sawa, mwanangu." Mama alipoingia, nywele zimelowa mvuke, yule mama alisimama akamwinamia hadi kiunoni akamwambia, "Dada, umebeba mengi peke yako." Mama akacheka, "Kazi ni kazi, dada," akidhani anasifiwa kwa kupiga pasi.

Basi kadi mia tatu zimeshachapwa, na kwa kuwa kwetu kadi hutaja wazazi, zimeandikwa "binti wa marehemu Pyo Gil-su na Ma Sun-deok," ziko chini ya kitanda changu, juzi mama mkwe kaleta sanduku la mapeasi ya kuweka kwenye meza ya kumbukumbu ya marehemu, nikamdanganya mama kuwa ni zawadi tu, na mama kila siku ananitania, "Hizo kadi vipi, wanazichora kwa mkono?" Nifanyeje? Nimchapishie mama kadi yake moja isiyo na neno hilo, nyingine nizigawe kimyakimya? Au nimwombe akubali tu kuwa baba amekufa, kwa ajili yangu?

Ni mimi, Binti wa Dobi.

MAMA TAK ANAJIBU:

Marahaba, Binti wa Dobi. Umeleta mgongo, basi tulia.

Kadi moja ya mama, mia tatu za watu! Kwani wanawake wa kanisani hawajui kusoma? Siku hiyo hiyo watajaa dukani kumpa mama yako pole ya mumewe. Mwanamke amekataa miaka kumi na moja kumzika mtu wake, wewe umemzika kwa wino, tena mkewe hata taarifa hukumpa. Chuo kikuu ulisoma, sikatai, lakini siku hiyo akili uliiacha nyumbani.

Lakini nakuelewa. Watu wetu hutazama kwanza viti vya wazazi, ndipo wamtazame bibi harusi. Ulikuwa na miaka kumi na minane, baba akatoka, na hakuna aliyekupa sababu. Pole, mwanangu. Pole sana.

Sasa nikwambie usilolijua, maana nyie mliokulia huku mila mnazisikia nusunusu. Aliyefia kitandani kwake ana tarehe yake. Tisa ya mwezi wa tisa ni siku ya wale ambao siku yao ya kufa haijulikani na yeyote. Kila mwanamke wa rika letu anajua. Mama mkwe wako aliposema "Aa," alikuwa ameshaelewa kwamba baba yako hamjui alipo. Na bado akasimama akamwinamia mama yako hadi kiunoni. Na bado akaleta mapeasi. Wewe unalalia kadi ukimwogopa mtu aliyekwisha kukusitiri, na uliyemkosea unakula naye meza moja!

Wiki hii hii, duka likifungwa, chukua kadi moja umpelekee mama yako. Piga magoti, aisome mwenyewe. Atakasirika, huenda akakurushia hanga la nguo. Usikimbie, na usimwambie "nilifanya kwa ajili yetu," maana si kweli. Sema nisamehe, basi. Akikununia siku tatu, pika, fagia, mtangulie dukani. Kisha mpigie simu mama mkwe kwa mdomo wako, Wan-ki asikusemee. Huyo naye mwambie Mama Tak kasema hivi: mwanamume anayetazama bakuli mchumba wake akizama, ajifunze kuogelea kabla ya harusi.

Kadi zote tia moto, uchapishe upya. Pyo Gil-su na Ma Sun-deok, majina mawili, bila neno mbele ya lolote. Kumwombea baba yako kifo ili kadi ipendeze, hilo usilirudie hata kwa siri. Na baba mkubwa asijitie kukupeleka mbele ya ukumbi. Mwombe mama yako akushike mkono yeye.

Mtu akikunong'oneza pale ukumbini, baba wa bibi harusi yuko wapi, usiiname. Mjibu, "Hatujui." Ni neno zito, ndiyo. Mama yako amelibeba miaka kumi na moja, kichwa juu, huku akipiga pasi mashati ya watu. Wewe libebe siku moja, na gauni lako jeupe.