Gauni la Upindo Mwekundu

Mama,

Leo ni siku ya tatu ya fungate. Athman ametoka kutafuta mahamri, nami nimepata nafasi ya kukuandikia kabla hajarudi. Nimeolewa, Mama. Na sikuvaa nyeupe.

Ngoja nikueleze taratibu, maana mwanzo wake si mzuri.

Mavyaa wangu, mamake Athman, alitaka nikodi gauni jeupe kama wenzangu. Akanipeleka mwenyewe duka moja la Tudor. Nililivaa, nikasimama mbele ya kioo, nikalivua papo hapo. Tangu siku ile nilipokuosha nikakuona ukivikwa zile nguo tano za sanda, mimi na nyeupe hatupatani. Nitamwambiaje mtu hivyo, tena mtu ninayekwenda kuingia nyumbani kwake? Nikamwambia gauni linanibana. Lilikuwa linanipwaya, naye aliona.

Basi nikaanza kutafuta la rangi kwa mshahara wangu wa mwalimu wa chekechea. Nilipekua mitumba ya Mwembe Tayari mpaka vidole vikanuka. Nikapata la kijani, zipu imekufa, la mtu wa kimo changu mara mbili. Nikapata la zambarau, zuri wallahi, lakini nikabwata kwamba ni la harusi, na bei ikapanda papo hapo. Ungekuwapo ungenifinya.

Nilirudi nyumbani nikalia. Na nilipolia nilikukasirikia wewe kidogo, na mdogo wako, Mama Mdogo Zuhura, zaidi. Sikuwahi kukuambia. Arobaini yako ilipopita nilirudi kazini siku moja nikakuta kabati lako tupu. Leso zako zote alikuwa amezigawa, pea kwa pea: kwa majirani, kwa yule mama wa viazi karai, kwa aliyekufulia ulipougua. Akasema ndivyo ulivyomwusia. Sikumwamini. Miaka miwili nilimbusu mkono kama adabu inavyotaka, lakini kwake sikukaa hata kunywa chai.

Sasa mavyaa akampelekea yeye habari kwamba bibi harusi hataki nyeupe na hasemi kwa nini. Mama Mdogo hakuja kuniuliza. Tulikuosha pamoja, alijua. Alivaa buibui lake akazunguka Mji wa Kale nyumba kwa nyumba, na magoti yake yale. Siku ya tatu akaja kwangu na kikapu, akakimwaga kitandani.

Leso zako, Mama. Vipande kumi na kimoja. Kila mwanamke alikuwa ametenganisha pea yake, kimoja akabaki nacho, kimoja amenitumia mimi. Vyote vina upindo mwekundu. Unaukumbuka ule uzi mwekundu ulionunua kwa wingi Biashara Street kwa kuwa ulikuwa rahisi? Ukapindia kila leso, iwe ya buluu, iwe ya manjano, na tukikucheka unasema, "Rangi haijaua mtu." Nilivishika kimoja kimoja, nikaufuata upindo kwa kidole.

Mama Mdogo akasema, "Mamako alinambia nizigawe upesi, kabla hujazifungia kabatini ukazifanya za kulilia. Wewe hukutaka kunisikia."

Nilimlalia mapajani nikamwomba radhi. Akanipiga kofi dogo la mgongo. "Haya inuka, tukavishone gauni, fundi yuwafunga."

Fundi ni yule mzee wa Kibokoni. Nilipofika kujaribisha nikamkuta keshaanza kuufumua upindo wako, ati unatia nguo ushamba. Nilimshika mkono na wembe wake. Akaniangalia usoni, akaurudishia bila kuniuliza. Sketi ni vile vipande kumi na kimoja. Kifua ni kisutu, ile leso uliyoolewa nayo wewe. Hicho Mama Mdogo alikuwa amejibakishia, kitu pekee alichochukua. Bitana ya pamba ya bei ya chini. Ubavu wa kushoto haukukaa sawa sawa, sitakudanganya.

Siku yenyewe, alasiri, niliingia ukumbini kwa wanawake nikiwa nimekodolea sakafu macho. Niliogopa kicheko, niliogopa mavyaa wangu. Nikasikia vigelegele, nikainua uso. Mama wa viazi karai alikuwa kiti cha mbele, juu ya gauni lake la kumetameta amejitanda ile leso yako ya manjano. Nyuma yake aliyekufulia, na ya buluu. Wote kumi na mmoja walikuja na vipande vilivyobaki. Kila nilipogeuka nilikuta mkono wako.

Mavyaa akanisogelea, akaushika upindo, akanong'ona, "Hili halikupwayi." Sasa ananiita mwanangu, na nadhani hatanidai maelezo.

Ahsante, Mama. Kwa leso, na kwa ukaidi wako wa kuzitoa. Nilidhani nimenyang'anywa, kumbe uliniwekea kwa watu.

Lakini kuna jambo. Jana Mama Mdogo alipotuletea chakula cha fungate alikuja na salamu: binti wa mama wa viazi karai anaolewa mwezi ujao, hana gauni, naye anaona haya kuomba. Nililitazama langu linavyoning'inia pale mlangoni, nikatamani kusema limechanika. Nikaona kabati lako tupu. Nikamwambia ampe habari kwamba ni lake, si la kuazima, na akimaliza naye ampe mwingine.

Nimeomba nikae nalo mpaka fungate iishe tu. Mola akulaze pema, Mama, akupanulie hapo ulipo. Zimebaki siku nne, na nakuahidi, ya tano nitalipeleka kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwanao,
Rukia