Mstari Mwekundu Chini ya Besi Yako

Kambale, mwanafunzi wangu na ndugu yangu mdogo,

Tangu tukuzike, misa uliyoitunga imeingia kwenye kompyuta. Ulitaka ichapwe vizuri, ili kwaya yetu ya Butembo na ile ya mtaa wa Ruwenzori, kule Beni, ziimbe kitu kimoja. Ukaenda mwenyewe kuwafundisha watu wa Beni, na barabarani wenye silaha wakakuua. Hapo sitaongeza neno.

Kamati ilikutana kuchagua programu ya kuandikia noti. Nilileta ile niliyokuonyesha: unaandika herufi kama mtu anayeandika barua, nayo inachora ukurasa. Haina sauti wala rangi, lakini inakubali do-re-mi zetu chini ya maneno. Rais wa kamati, yule afisa aliyetumwa kutoka Kinshasa, alicheka. "Mwalimu, iyi yako ni mashini ya zamani, ya wakati ya Babeleji!" Yeye alileta nyingine. Unabonyeza, inaimba. Wakapiga makofi.

Programu hiyo ina tabia ya kukagua. Ilipofika kwenye "Bwana, utuhurumie", ilichora mstari mwekundu chini ya besi yako yote. Unajua sababu, lakini nivumilie, nimezoea kueleza. Katika vitabu vya Ulaya, sauti mbili zilizoachana hatua tano hazitembei pamoja. Wanaita quinte, na kwao ni kosa. Programu imelishwa vitabu hivyo. Haijafika kwetu Musienene. Wewe ulikuwa ukisema: "Bamama ba Musienene habajuwe quinte, lakini banaimbaka vile mu mashamba."

Kavira, anayeongoza sauti ya pili, alikutetea. "Président, Kambale hakukosaka. Ndiyo vile alisikiaka."

"Mama, iyi logiciel ya kompyuta haina kabila. Inaona faute, tuna-corriger."

Wakaketi wakarekebisha hayo “makosa” mpaka wekundu ukaisha. Sasa besi yako inazunguka kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kukalia kiti cha mwenyeji. Ule uzito wa kilio umetoka. Kwa kompyuta ni safi kabisa.

Na juu ya ukurasa wameandika jina lako, kwa herufi kubwa. Niliomba walitoe. Rais akanitazama kwa huruma. "Mais Mwalimu, unataka marehemu asahauliwe?" Wote wakanigeukia kana kwamba mimi ni mchawi. Wanakukumbuka kwa kitu ambacho hukukiandika, na mimi ndiye ninayeonekana mwenye wivu.

Kwa programu yangu ile mbaya nimeichapa misa yako yote, kama ilivyo. Nimewatumia wa Ruwenzori kwa simu. Hawajajibu. Nasikia wengi wao wamehama kwa ajili ya vita, na kiongozi wao hajulikani aliko. Labda hakuna aliyebaki wa kuisoma.

Sikukuu ya parokia inakaribia. Tutaimba ile iliyosafishwa. Nitasimama na mabesi, mahali pangu. Tukifika kwenye "utuhurumie", nitaimba ulivyoandika wewe. Nitakuwa peke yangu, na sauti yangu, unavyojua, imechakaa. Watu watageuka kuona ni mzee gani amekosea. Rais atanikunjia uso.

Wacha wageuke. Nitaimba hadi noti ya mwisho, na kila mwaka wakiirudia, nami nitaikosea tena, mpaka siku nitakapokufuata.

Pumzika, Kambale.

Mwalimu wako