Baruti ya Merle kwenye ndoo

Darlene shoga, uko wapi? Natamani ardhi inimeze.

Unaijua ile bastola yangu ya kushindilia baruti na risasi mtutuni, nakala ya zile za kizamani. Leo klabuni niliishindilia huku nawasimulia watu nilivyoshinda mwaka jana. Nikalenga, nikafyatua. Fataki ya kuwashia baruti ikalia pa, halafu kimya.

Nikamgeukia Merle. Nikamwambia, "Mzee, baruti uliyonigawia imeingia unyevu. Unataka kuniumiza?"

Mbele ya watu wote, Darlene. Mbele ya watu wote.

Na yule mzee hata hakubisha. Alisema tu, "Nisamehe, binti," akamwaga kopo lake zima kwenye ndoo ya maji, asije akampa mtu mwingine.

Ndipo Tessa, yule mgeni ninayemfundisha, akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, si ulisema tupime kwanza mtutu kwa fimbo ya kushindilia?"

Nikaingiza fimbo mtutuni. Ikazama kupita alama ya bastola iliyojazwa sawasawa. Risasi ilikuwa imekaa chini kabisa, na nyuma yake hamna baruti hata punje.

Mimi. Ninayewaimbia kila wiki baruti kwanza, risasi baadaye.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Merle hakucheka. Alichungulia ndoo, akasema, "Basi kesho kwenye mashindano utanigawia ya kwako."

Nimefika nyumbani sasa hivi, nimetia mkono mfukoni mwa aproni. Kile kikombe nilichopimia baruti klabuni kimo humo humo, kimejaa baruti ya Merle.

Kavu kabisa.