Salamu Alizokata Swaumu

Ipole, Tabora
3 Februari 1976

Mwanangu Swaumu,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima. Mgongo wa mama yako bado unamsumbua, ila mdomo wake haujambo kabisa na anakusalimu sana. Wasiwasi wetu ni juu yako wewe na mumeo huko Unguja.

Tazama mwandiko huu vizuri. Ni wa kwangu! Mwalimu Paskazia wa darasa la watu wazima ameniambia mzee, sasa andika mwenyewe, usitusumbue. Basi leo naandika mwenyewe, na nina habari ya furaha ya kukupa.

Wenzako wa televisheni wamefika hapa! Watu wanne na gari, mkubwa wao anaitwa Bwana Abasi. Wanafuata njia ya misafara kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, wanatafuta wajukuu wa wapagazi. Wakaelekezwa kwangu, maana nani Ipole hajui kwamba babu yangu alibeba pembe na nta mpaka pwani, akasilimu huko huko? Nikawaambia binti yangu Swaumu yuko kazini kwenu. Bwana Abasi akacheka, akasema ndiye anayewaunganishia filamu. Nilijiona mtu mkubwa.

Wakanipiga picha nikichonga mzinga wa nyuki. Kisha wakaniwekea kile chombo cha kunasa sauti mbele ya mdomo, wakaniambia, mzee, sema lolote. Mimi mjinga? Redio nasikiliza kila siku. Nikawasalimu wote. Nilianza na wewe, nikamtaja mama yako, mashangazi zako wa Cheyo, wajomba wa Chemchem, na mdogo wako nikamtaja na mahali alipo. Sikumwacha mtu, nisije nikanuniwa. Wale vijana wakapiga makofi.

Niandikie tutaonekana lini.

Baba yako,
Lukumani


Unguja
20 Februari 1976

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mume wangu hajambo, mimi sijambo mwilini. Mpe mama pole ya mgongo. Barua hii sikuitia posta. Anakuletea Amne, binti wa jirani yangu, anayekuja Tabora kwa treni. Ukishaisoma ichome, Baba, usiiweke kwenye sanduku.

Nimesoma barua yako mara tatu. Mdogo wangu nina mmoja tu. Umemtaja Twalibu? Na kambi ya asali alimojificha?

Baba, televisheni si redio. Redioni salamu zinapita na upepo, kesho hakuna anayezikumbuka. Hapa kinachosemwa kinakaa ndani ya kopo la bati na kinaweza kuchezwa mara mia. Vipindi tunavyoonyesha ni vingi na vyote ni vya mambo ya kweli. Jumatatu ni wanyama wa porini. Jumatano ni wakulima wa karafuu, au mganga wa zahanati akieleza kipindupindu. Kuna kimoja cha mahakamani, mtu alikiri mwenyewe mbele ya kamera akidhani anajitetea, na watu wa usalama wakaja kuazima kopo lile. Nililibeba mimi kwa mikono yangu. Na hiki cha wapagazi ni cha wiki nane, kila wiki kituo kimoja cha njia ya zamani. Nakala ya kila kituo itapelekwa kwa wakubwa wa mkoa wake, kisha gari la sinema litaizungusha vijijini.

Unaelewa? Ng'washi ataketi chini aitazame. Yule yule Ng'washi kamanda wa mgambo, aliyepoteza jicho siku ya operesheni, walipokuja kubomoa paa letu kutuhamishia kijijini na Twalibu akampiga kwa mpini wa shoka. Mwaka na nusu anamtafuta, na wewe umemwelekeza.

Makopo ya Ipole bado hayajafika huku. Niandikie maneno uliyosema, neno kwa neno. Na mtoe Twalibu kule leo hii.

Mwanao mwenye hofu,
Swaumu


Ipole
9 Machi 1976

Mwanangu Swaumu,

Salamu. Amne amefika na barua nimeichoma kama ulivyosema, mama yako akaniuliza nachoma nini, nikamwambia karatasi za darasani. Amne anarudi kesho, nampa hii.

Mimi ni mpumbavu. Niache niliandike hivyo kwa mwandiko wangu mpya. Maneno yenyewe yalikuwa haya: "Namsalimu na mwanangu Twalibu Lukumani, aliyeko kambi ya asali ng'ambo ya Mto Wala, nyuma ya mlima wa fisi, mwangaluka mwanangu, umeamkaje, unga nakuletea Alhamisi." Hata siku niliitaja, Swaumu! Nilikuwa nimesahau kabisa kama kuna dunia. Nilimwona mwanangu mbele yangu, nikazungumza naye.

Kumtoa haiwezekani. Wiki mbili zilizopita alikuwa anashusha mzinga, kamba ikakatika, akaanguka kutoka juu ya mti wa mninga. Mguu umevunjika chini ya goti na mfupa umechungulia nje. Nimemfunga kwa magome na asali. Amevimba, ana homa, na mtu mzima kumbeba peke yangu siwezi, mimi nina miaka sitini na tano. Nikimwita mwenzangu wa kunisaidia, siri imekwisha. Nikimpeleka hospitali, wataandika jina.

Mama yako nimemwambia kwamba Twalibu ni mzima, anakula asali tu. Ya mguu hajui, wala ya salamu hajui. Ningemwambia vipi? Tangu siku ile ya paa hajalala vizuri, na akilia analia kwa sauti, nyumba hizi za kijiji zimebanana, jirani anasikia hata ukikohoa.

Mwanangu, naogopa. Gari lolote likipita barabarani nasimama mpaka lipotee. Jana Ng'washi amenisalimu kwa upole, ameniuliza habari za nyuki, na mimi nikamwagikiwa na uji wote mkononi. Kwa nini aniulize nyuki?

Je, haiwezekani kurudisha nilichosema? Wewe ndiye unayeunganisha. Huwezi kutenganisha?

Baba yako,
Lukumani


Unguja
28 Machi 1976

Baba yangu,

Shikamoo. Hii nayo anakuletea Amne. Nashindwa hata kuuliza hali. Mguu huo ulionisimulia nauota.

Makopo yamefika. Nimekuona, Baba. Umekonda. Nilikaa peke yangu kwenye chumba cha kukatia, nikakusikiliza ukinisalimu mimi kwanza, nikalia, halafu nikasikia jina la Twalibu na nikazima mashine kwa haraka nikidhani watu wamesikia mpaka barabarani.

Balaa ni kwamba Bwana Abasi ameipenda sehemu hiyo kuliko zote. Anamwonyesha kila mgeni. Anasema mzee huyu anasalimia kama yuko redioni, hiki ndicho kipande kitakachopendwa na watu wote. Anataka kipindi kifunguliwe nacho. Mbele yangu ananiita binti wa mzee salamu. Kila akicheka nami nacheka.

Nilijaribu kumwambia salamu ni ndefu, tuzipunguze. Akasema hata herufi moja isiguswe. Kwa hiyo nitaigusa bila ruhusa. Kipindi kinaonyeshwa Ijumaa ya tarehe 30 Aprili. Nakala za kuja bara nazifunga mimi, siku moja kabla. Nitaondoa pale penye Twalibu katika filamu yenyewe, niiunganishe kwa gundi. Picha itaruka kidogo. Aliyezoea ataona, asiyezoea hataona. Kipande chenyewe nitakichoma jikoni kwangu. Wakinigundua, nimeharibu mali ya serikali, na wataniuliza kwa nini. Mume wangu sijamwambia.

Usiniandikie tena mpaka niandike mimi. Naogopa sana, Baba, lakini mkasi ninao.

Mwanao,
Swaumu


Ipole
2 Juni 1976

Mwanangu Swaumu,

Salamu nyingi. Umesema nisiandike mpaka uandike. Nimengoja Aprili, nimengoja Mei. Sasa naandika, kwa sababu yaliyotokea ni lazima uyajue, na kwa sababu leo asubuhi ndipo niliposhika barua yako ya tarehe 4 Mei. Ilikuwa imelala posta ya Tabora karibu mwezi mzima, kwa hiyo hii nampa msafiri wa treni.

Gari la sinema lilikuja tarehe 22 Mei. Walitutia ndani ya ghala la tumbaku mchana, wakaziba madirisha kwa magunia ili pawe na giza. Kijiji kizima kilikuwamo. Mimi nilikaa mbele kwa heshima, Ng'washi akakaa kushoto kwangu, upande wa jicho lake zima. Mama yako alikaa nyuma na wanawake.

Nikatokea ukutani. Watu wakapiga vigelegele. Nilimsikia yule Lukumani wa ukutani akianza salamu, jasho likanishuka mpaka kwenye makalio. Swaumu binti yangu wa Unguja. Mwamvita mke wangu. Mashangazi wa Cheyo. Wajomba wa Chemchem. Kisha kichwa changu kikaruka kidogo, na nikaanza kusema habari za nta. Ulikuwa umekata! Nikapumua. Wallahi, Swaumu, nilikuombea dua pale pale kimoyomoyo.

Mama yako akasimama. Alisema kwa sauti ile yake unayoijua, "Na Twalibu je? Baba Swaumu, umesalimia mpaka wajomba, mwanangu umemwacha? Umemtupa kule kambini kama amekufa?"

Nikageuka nikampungia mkono akae chini. Yeye akaendelea, analia, "Wa Mto Wala si mwanao tena?" Ndipo akajisikia mwenyewe. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Yule fundi wa sinema akasema, hapa pamekatwa, nimeona picha ikiruka. Ng'washi alinitazama kwa lile jicho, akatoka, na mgambo sita wakamfuata.

Nilikimbia nyuma yao mpaka kifua kikaniuma. Nilifika kambini wamekwisha kumzunguka. Twalibu alikuwa amelala kwenye magome, ananuka, hanitambui. Nikajilaza juu yake. Ng'washi aliinama akautazama mguu. Kisha akawaambia watu wake wakate miti miwili ya machela. Wakambeba mabegani kwa ile njia ya zamani ya wapagazi, wakipokezana, Ng'washi naye akibeba zamu yake, mpaka barabarani penye lori. Sijui moyoni mwake kulikuwa na nini. Mimi niliwafuata nyuma njia nzima.

Twalibu yuko hospitali ya Tabora. Mguu wameukata juu ya goti. Daktari amesema siku mbili zaidi tungemzika. Askari anakaa kwenye kiti kando ya kitanda, na akipona kuna kesi. Lakini anakula. Ameniuliza habari zako. Mama yako yuko naye, chakula hagusi. Nimemweleza yote, kwamba nilimsalimu mwanangu kuliko nilivyowasalimu wote na dada yake akalikata jina lake ili apone. Aliniuliza jambo moja, kwa nini sikumwambia.

Na leo nafungua barua yako naona umeandika mistari mitano tu: "Nimekata, Baba. Bwana Abasi ameuliza kipande kiko wapi nikasema sijui. Jambo moja, mwambie Mama mapema, maana jina la Twalibu halitasikika na atadhani umemtupa."

Ulimjua mama yako kuliko mimi niliyelala naye miaka arobaini.

Swaumu, wiki iliyopita walikuja watu wawili wa mjini, wamevaa vizuri. Hawakuuliza habari za Twalibu. Waliuliza ni nani kati ya wana wangu anafanya kazi ya filamu, na anakaa mtaa gani huko Unguja. Nikasema mimi mzee, sikumbuki. Wakaandika hivyo hivyo. Amne nimemwandikia mara mbili akufikishie salamu, hajajibu. Mumeo nimempelekea simu ya maandishi kutoka stesheni, hajajibu.

Niandikie hata neno moja. Ukishindwa, nitumie bahasha tupu, nitatambua mwandiko wako juu yake.

Nakusalimu wewe, Swaumu binti Lukumani, popote ulipo. Mahali sitaji.

Baba yako,
Lukumani