Jiwe la Mama na Ukuta wa Ulanga

Jumatatu, 4 Machi 1912
Asubuhi kufundisha skuli, mchana shimoni kutafsiri, kama kawaida. Bwana Mawe (ndivyo tunavyomwita Mdachi anayechimbisha ulanga, madini yanayong'aa na kubanduka kama karatasi, juu ya kijiji chetu) alitaka wachimbaji waelezwe jinsi mlima ulivyoumbika. Nikaeleza. Kwamba mwamba huu ulikuwa tope chini ya maji. Ukafukiwa, ukabanwa, ukapikwa na joto la ardhi hadi ukawa jiwe la matabaka. Kwamba baadaye uji wa moto wa mawe yaliyoyeyuka ulipenya katika nyufa zake, ukapoa polepole mno, ukazaa ulanga. Nikamalizia kwa maneno yangu mwenyewe: jiwe limemaliza safari yake, sasa limelala. Wakapiga makofi. Nilifurahi kupita kiasi.

Jumatano, 6 Machi
Mvua ya kwanza ya masika. Nimepita kwa dada Mwajuma. Alikuwa akiliweka sawa upya jiwe la kusagia alilorithi kwa mama. Alilimwagia maji, akatazama yanakozama. Mishipa ikajitokeza, myeusi. Husaga kwa kukatiza mishipa; ukiifuata, jiwe hubanduka na nyumba nzima ikala mchanga. Nalijua jambo hili tangu utotoni. Leo limenifanya niuwaze ukuta wa shimo.

Alhamisi, 7 Machi
Nimefika shimoni kabla ya wachimbaji. Ukuta umelowa. Mistari ile ile. Yote inainamia shimoni, kama nyasi za paa, na sululu zimekwisha kuyakata matabaka chini; hakuna kinachoyazuia yasiteleze. Juu kuna ufa. Kidole kinaingia.
Shemeji Kibwana, mume wa dada, huchimba chini yake hasa.
Nani aliyewaambia limelala? Mimi.

Jumamosi, 9 Machi
Mvua tena. Nimemweleza mnyapara. Kaniambia nikafundishe watoto. Ufa: vidole vitatu. Nauogopa ukuta. Naiogopa pia aibu ya kuyakana maneno yangu mbele ya watu, na hofu hii ya pili inanichukiza.

Jumapili, 10 Machi
Nimemwambia dada yote. Hakulia. Aliingia ndani, akatoka amelibeba jiwe la mama, akaliweka miguuni pangu.
"Maneno yako wameshayasikia, mdogo wangu. Waonyeshe hili."
"Litapasuka, dada."
"Na Kibwana je?"
Nimelibeba hadi nyumbani. Jiwe liko hapa, kando ya kitanda. Zito kuliko nilivyodhani.

Jumatatu, 11 Machi
Nimewaomba wote wakusanyike, na Bwana Mawe pia, kabla sululu haijainuliwa. Nikasimama mbele ya watu wale wale. Nikasema nilikosea. Jiwe halijamaliza safari. Mvua hulila, likawa mchanga; mto Ngerengere huuchukua mchanga huo, na huko uendako utafukiwa tena, ubanwe tena, uwe jiwe tena. Na sehemu moja ya safari hiyo ni kuporomoka.
Saidi, mchimbaji na mtani wangu, akapaza sauti: "Mwalimu! Juma lililopita jiwe limelala, leo limeamka? Nani kalipigia kelele?"
Kicheko. Mnyapara alicheka kuliko wote.
Nikalimwagia maji jiwe la mama, mistari ikaonekana. Nikaliinamisha kama ukuta ulivyoinama. Tindo kwenye mshipa, pigo moja. Tabaka likateleza hadi miguuni pa Saidi. Akaruka. Hakuna aliyecheka.
Bwana Mawe alipanda hadi kwenye ufa, akapima mwinamo kwa chombo chake. Aliposhuka alisema maneno machache, nami nikayatafsiri: "Nilipima ulanga. Sikupima ukuta."
Shimo limefungwa. Kesho wanaanza upande wa pili wa mlima.
Vipande vya jiwe nimevirudisha kwa dada. Alivipanga mlangoni.

Jumapili, 17 Machi
Ukuta bado umesimama. Saidi ananiita Bwana Kelele, na watoto wa skuli wamelidaka jina. Sawa. Nimepanda kutazama: ufa sasa unameza mkono hadi kiwiko.
Jioni nimekula kwa dada. Anatumia jiwe jipya, la mtoni, ambalo bado halijakaa sawa. Ugali una mchanga. Shemeji Kibwana ameutafuna, akaomba mwingine.