Ufunguo Niliobaki Nao

Kabazi, Jumapili, Julai 1972

Kumekucha na ukungu, na mpaka sasa, saa tisa mchana, haujaondoka. Baridi ya Julai imeniingia vidoleni na mwandiko wangu leo ni wa kuku. Mama ameenda kanisani peke yake. Mimi nimebaki nyumbani kwa kisingizio cha fomu.

Fomu yenyewe iko hapa mezani, haina kitu isipokuwa jina langu. Mwalimu mkuu anaitaka kesho asubuhi. Nitasomea afya ya jamii, hilo halina mjadala tena, ila kwenye fomu nafasi ya kuandika chuo ni moja tu na vyuo ni viwili. Cha Nairobi ni miaka mitatu, na ukimaliza serikali inakupeleka popote inapotaka. Kile cha misheni, ng'ambo ya mji wa Nakuru, ni miaka miwili, na sharti lake ni urudi kufanya kazi kwenu.

Mwalimu mkuu amenicheka nilipokitaja hicho cha misheni. Anasema mtu mwenye alama zangu akienda chuo cha misheni atakuwa amezichezea.

Nataka Nairobi, lakini si kwa sababu ya alama. Nataka mahali ambapo hakuna mtu aliyemjua Wambui.

Wambui alikuwa dada yangu, miaka sita, msichana pekee kwetu. Alipewa jina la nyanya mzaa baba, kwa hivyo baba hakumwita Wambui hata siku moja. Alimwita mama. Akitoka shambani swali la kwanza lilikuwa kama mama amekula, na sote tulijua ni mama yupi. Tangu tumzike, baba akiingia nyumbani haulizi kitu.

Niandike na ile habari ya choo, maana nimeizunguka kwa miezi miwili.

Mwaka juzi Bwana Afya, yule afisa wa afya wa serikali, alipita na pikipiki yake akitangaza kwamba kila boma lichimbe choo, na asiye nacho atajieleza kwa chifu. Baba hafanyi kitu nusunusu. Alichimba shimo refu hata tukaogopa halitakuwa na mwisho. Akaweka mabati juu, sisi wenyewe tukilala chini ya nyasi, na mlango akaupaka rangi ya kijani. Bwana Afya alikisifu mbele ya baraza zima, na watu wakavuka mto kuja kukitazama. Sasa kitu kilichosifiwa namna ile, nani angekubali kichafuliwe? Baba alienda Nakuru akanunua kufuli. Ufunguo akanipa mimi, kwa kuwa ndimi niliyesoma.

Kikawa cha Bwana Afya na cha wageni. Sisi wenyewe tuliendelea kwenda kwenye migomba, juu ya kijito tunakoteka maji. Wala hatukuwa peke yetu, majirani wengi waliweka kufuli vilevile. Nilikuwa kidato cha nne na nimesoma habari za vijidudu kitabuni, nikaandika majibu sahihi kwenye mtihani, na ufunguo ukiwa mfukoni mwangu.

Hili linalofuata sijamwambia mtu.

Siku moja ya mvua, mwezi wa nne, Wambui alinifuata ghalani nilipokuwa nasoma. Akashika shati langu.

"Nipatie kifunguo. Huko kwa migomba kuna matope."

"Hiyo ni ya wageni," nikamwambia, bila kuinua macho.

Hakubisha. Alijifunika gunia kichwani akaenda.

Mwezi uliofuata alianza kuhara, akawa hata maji hayakai tumboni. Tulimfikisha hospitali mjini kwa lori la maziwa, tukiwa tumechelewa. Daktari alituuliza tunateka wapi maji. Kisha akauliza kama tuna choo. Baba akajibu kwamba tunacho, na hata Bwana Afya anakijua. Alisema kwa fahari kidogo, hata pale, mtoto akiwa amelala katikati yetu. Nilitazama sakafu.

Alikufa asubuhi yake.

Baada ya mazishi baba alichukua nyundo akaung'oa ule mlango wa kijani, kufuli na vyote, akaulaza nyuma ya ghala. Mama akatundika gunia mahali pake. Siku hizi tunakitumia sote. Ufunguo ninao bado.

Nilipofika hapo kuandika, baba aliingia, akavua kofia, akaketi mbele yangu. Aliniomba nimsomee fomu. Nikamsomea, vyuo vyote viwili, miaka na masharti.

"Chukua ya Nairobi," akasema. "Hapa hakuna kitu unangojea."

Akainuka, akafika mlangoni, akasimama akinipa mgongo.

"Kufuli ni mimi nilinunua. Wewe usiibebe."

Kisha akaenda kwa ng'ombe.

Nimelia hapa kama mtoto mdogo. Baba yangu, ambaye hajawahi kuniomba radhi kwa lolote, amejitwisha mzigo wote ili mimi niondoke mwepesi. Na hajui. Hajui kwamba kuna mtu aliyeombwa ufunguo, na mtu huyo ni mimi. Nikienda Nairobi kwa ruhusa hii nitakuwa nimemwibia.

Kwa hivyo nimeandika chuo cha misheni, kwa wino. Nitarudi huku na pikipiki kama yule bwana, na kila nitakapoona mlango uliopakwa rangi vizuri nitauliza ufunguo uko kwa nani, na mara ya mwisho mtoto kuingia humo ilikuwa lini.

Chini ya fomu kuna mistari mitatu ya kueleza sababu ya kuchagua kozi hii. Mwalimu mkuu alituambia tuandike kwamba tunapenda kujenga taifa. Mimi nimeandika kwamba dada yangu aliniomba ufunguo wa choo nikamnyima.

Namsikia mama akifungua lango, na baba anarudi na ndoo ya maziwa. Wote wawili hawajui kusoma. Itabidi niwasomee.