Mto Uliokatwa kwa Kisu cha Keki

Chumba cha cherehani, nyumbani
Alhamisi, 11 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimeachia? Usinijibu "kidogo tu" kama kawaida yako. Nataka kujua kama umekwenda kwa daktari au bado unajitibu kwa ubishi. Wifi yangu na watoto wanaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Mama ana nguvu zake, ila goti humsumbua kukiwa na baridi, na goti likimsumbua yeye, yeye hutusumbua sisi sote.

Barua yako niliipata. Nilicheka niliposoma jinsi mlivyobishana na mwenzako wa kiwanda cha viatu, yule wa ng'ambo ya mto, mpaka msimamizi akaja kuwaamua. Halafu nikafika pale ulipoandika, "Dada, wewe uliyebaki huko, niambie kweli, vita vile vilikuwa vya haki?" Kicheko kikaniisha. Nakujibu nikiwa na kinyaa, kwa hiyo univumilie.

Wewe ulikuwa bado unanyonya kidole. Mto wa mpakani ulifurika, ukahama njia yake, na kipande cha ardhi kilichokuwa upande wetu kikajikuta upande wao. Wakakilima. Watu wetu wakaenda wakang'oa mazao. Wao wakachoma kivuko. Baada ya hapo redio haikuwa na kazi nyingine ila nyimbo za vita. Baba mdogo akaacha kufyatua matofali, akavaa magwanda, kisha akaja hapa kumchukua kaka yetu mkubwa. Namkumbuka amesimama mlangoni akimwambia Mama, "Shemeji, hii ni haki yetu. Mwanao hawezi kukaa ndani wakati wenzake wanaitetea."

Kaka hakurudi. Baba mdogo alirudi na mguu mmoja.

Tangu hapo yeye na Mama wameishi ua mmoja. Wanaombana chumvi, wanajuliana hali, lakini habari ya vita hawaigusi. Baba mdogo akiwaambia wageni kwamba vita vile vilikuwa vya haki tupu, Mama huinuka akaenda kuanua nguo, hata kama kamba haina kitu.

Sasa sikia. Mwezi uliopita serikali hizi mbili zilitangaza sherehe ya pamoja ya kukumbuka vita. Mratibu wa sherehe akaja kwangu na suti mpya ya Baba mdogo, maana walitaka aketi mstari wa mbele. Kijana nadhifu, ananukia manukato toka mlangoni. Akaniambia, "Fundi, mguu wa kulia ufupishe, uishie hapa." Akanionyesha katikati ya muundi.

Nikamuuliza kwa nini.

"Kamera, dada. Watu wauone ule mguu wa bandia. Inagusa sana."

Inagusa! Nilitamani kumnyoosha shavu kwa pasi. Nikamwambia mimi hushona suruali za watu, sishoni mapazia ya jukwaani. Lakini Baba mdogo nilipomweleza akasema, "Kata, binti yangu. Wakaone tulichotoa." Basi nikakata.

Siku yenyewe nilikwenda naye. Ukumbi umepambwa, viti vimevishwa vitambaa vyeupe, feni zinazunguka juu. Majenerali wawili wastaafu, wetu na wao, wakaingia wameshikana mikono. Wakaketi mezani, wakatia saini: ile ardhi itapewa kampuni ichimbe mchanga wa kujengea, na faida igawanywe pande zote mbili. Makofi. Kazi nzima iliisha kabla chai haijapoa. Katika hotuba zote walizotoa hakutajwa marehemu hata mmoja kwa jina.

Kisha ikaletwa keki. Pana kama kitanda cha mtoto, ya kijani, na katikati yake mto wa sukari ya buluu. Jenerali wetu akashika kisu, mwenzake akamshika mkono, utadhani bwana na bibi harusi. Yule wa kwao akasema kwenye kipaza sauti, "Angalia usivuke upande wangu!" Wetu akamjibu, "Safari hii navuka na uma!"

Walicheka, mdogo wangu. Wake zao walicheka. Mshereheshaji alijishika mbavu. Mimi nilijiona kama mtu aliyekuta unywele mdomoni, anauvuta na hauishi.

Baba mdogo akasimama.

"Afande, naomba kuuliza."

"Uliza, mzee wetu, shujaa wetu," jenerali wetu akasema, bado anatabasamu.

"Hii meza mliyotilia saini leo, wakati ule haikuwepo?"

Jenerali akakohoa. "Zilikuwa nyakati nyingine, mzee wangu. Lakini haki ilikuwa yetu, hilo halina mjadala."

"Na sisi tulikuwa na yetu!" mwenzake akadakia, na ukumbi ukacheka tena.

"Sijauliza haki ilikuwa ya nani," Baba mdogo akasema. "Nauliza kama mlijaribu kukaa mezani kabla ya kuja kutuchukua."

Jenerali akamgeukia mhudumu. "Mletee mzee keki."

Wakamletea kweli. Kipande cha mtoni, buluu tupu. Baba mdogo alikitazama, akaiweka sahani juu ya kiti chake, akaanza kutoka. Mguu ule unagonga sakafu, na wapiga picha wanamkimbilia mbele, wameinama, wanaupiga picha.

Tulipofika nyumbani Mama alikuwa anakunja nguo. Baba mdogo hakuvua hata koti. "Shemeji," akasema, "nilikuja kumchukua mwanao kwa mdomo wangu huu. Nikakwambia ni haki. Haikuwa haki. Hawakujaribu hata kuzungumza."

Mama alimaliza kukunja shuka aliyokuwa nayo mkononi.

"Mimi nilijua siku ileile," akasema. "Sasa na wewe umejua. Nikufanyie nini na kujua kwako?"

Baba mdogo akajikalia palepale kizingitini. Mama akaingia chumbani. Mimi sikujua nimfuate nani.

Na mambo hayakuishia hapo. Kesho yake gazeti likatoka na picha ya ule mguu ukurasa wa kwanza, na chini yake: "Shujaa azidiwa na furaha ya amani, atoka ukumbini kufuta machozi." Nilitaka kulificha, lakini Mama alishalinunua. Akalisoma amesimama. Akajitanda kanga, akatoka uani akamwita Baba mdogo, "Shemeji, vaa viatu. Twende."

Walikwenda hadi ofisi ya gazeti. Mama anataka waandike alichouliza Baba mdogo, chote, na jina kamili la kaka yetu pamoja na mahali alipofia. Mhariri akawaambia habari hiyo imeshapita. Wakakaa kwenye benchi la mapokezi hadi ofisi ikafungwa. Wamekuwa wakirudi kila siku. Msichana wa mapokezi sasa huwapa maji na kuinamisha macho.

Sijui kama Mama amemsamehe. Sidhani. Lakini huwa wanakwenda pamoja, na Mama hupunguza mwendo ili amngoje.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ardhi ile, kwa ramani nilizowahi kuona, nadhani ilikuwa yetu kweli. Mwambie mwenzako hivyo, na abishe akitaka. Lakini vita havikuwa vya haki. Kaka alifia jambo ambalo watu wawili walilimaliza kwa kalamu kisha wakalifanyia mzaha. Ukikaa tena na huyo mwenzako, achana na habari za mpaka. Muulize kwao walimpoteza nani.

Nisalimie wifi na wanangu. Shangazi anakusalimu, na binamu yetu fundi redio anauliza lini utakuja. Mama anasema uvae soksi. Mungu awafunike nyote, na asimruhusu mtu yeyote kuja mlangoni kwako kukuomba mtoto.

Mama na Baba mdogo wangekuandikia mstari mmoja mmoja hapa chini, lakini wametoka tangu asubuhi. Wako kwenye benchi.

Wako akupendaye, kwa hasira zake zote,
Dada yako Kiherehere